Mchezo wa Ghala

Mjomba wangu tulimwita Kamanda, ingawa jeshini hakuwahi kuamuru mtu. Alikuwa askari wa kawaida tu. Walimpeleka vitani nchi jirani akiwa kijana mbichi, akarudi na viungo vyake vyote, akahamia chumba cha uani nyumbani kwa dada yake, yaani mama yangu. Hakuoa. Alitulea sisi watoto wa dada yake kwa mizaha na pipi, na sisemi uongo, nilimpenda kuliko nilivyompenda baba.

Alikuwa na mchezo mmoja aliotuchezesha utotoni. Sisi tunajifungia chumbani, mama naye akiwa hana kazi anaingia, Kamanda anabaki nje. Anagonga mlango, anasema maneno fulani kwa lugha ya kule alikopigana, tena kwa sauti tamu ya kubembeleza. Sisi ndani tunamjibu kwa maneno mengine aliyotufundisha. Yeye anamalizia kwa maneno ya tatu, na hapo lazima tufungue tutoke mbio tukipiga mayowe, naye anatufyatulia risasi kwa kidole mpaka wa mwisho aanguke. Akatuambia unaitwa mchezo wa ghala. Maana ya maneno hakuna aliyeijua, na hakuna aliyeuliza. Sitayaandika hapa, na ukifika mwisho utanishukuru.

Mimi ni fundi wa lifti. Watu hucheka wakisikia kwamba mwanamke ndiye anayening'inia kwenye shimo na spana mkononi. Wacheke tu, wakikwama katikati ya ghorofa mbili wananipigia simu mimi. Mwaka jana kampuni ikanichagua kwenda kusomea mitambo mipya, na mafunzo yakawa kwenye nchi ileile ya Kamanda. Aliposikia hakunipa raha.

"Nipeleke, mwanangu. Macho yangu yakapaone kabla hayajafumba."

"Kamanda, kule hakuna vita tena. Utaboreka."

"Ndiyo maana nataka kwenda."

Mama akamfulia mashati, akampigia pasi, akamfungia na dawa za presha kwenye mfuko wa plastiki. Tukaondoka tukicheka.

Pale mjini alibandika uso kwenye kioo cha teksi njia nzima. Barabara pana, majengo ya vioo, mabasi ya umeme yasiyo na kelele, wasichana wanalipia kahawa kwa simu. "Hapa palikuwa vumbi tupu," akasema. "Pale tulilala mtaroni." Mwanzoni alifurahi. Kisha akaanza kununa kidogo kidogo, na kufika hotelini alikuwa amekunja uso kabisa.

"Wamesahau upesi hawa," akasema. Sijui alitarajia wamsubiri na maua.

Hoteli ilikuwa juu ya mwinuko, ndefu, mpya, na mafunzo yetu yalifanyika humohumo. Kamanda aliposhuka garini alitazama kilima cha nyuma chenye vilele viwili, akatazama bonde, halafu akatazama chini alipokanyaga. Uso ukakunjuka.

"Ghala lilikuwa hapa," akasema. "Hapahapa."

Nilikuwa nahangaika na mabegi. Sikumuuliza ghala gani.

Siku ya mapumziko tulikula mchana tukashiba, tukaenda kusubiri lifti ukumbi wa mapokezi. Jua lilikuwa limejaa mle ndani kupitia vioo. Mama mmoja wa usafi, mtu mzima, kitambaa cha buluu kichwani, alikuwa anapiga deki pembeni. Milango ya lifti ilikuwa ya chuma king'aacho, Kamanda akajitazama ndani yake, akarekebisha kola.

"Unaukumbuka mchezo wa ghala?"

Kabla sijajibu akagonga mlango wa lifti kwa vidole vilivyokunjwa, akasema yale maneno. Sauti ileile tamu. Niliona aibu mpaka masikioni, maana lugha ya watu unaichezeaje nyumbani kwao?

"Kamanda, acha bwana."

Yule mama wa usafi aliacha kupiga deki. Fagio lake la deki likabaki palepale.

Na nyuma ya mlango wa lifti, mtu akajibu.

Ilikuwa sauti ya bibi mzee. Tulivu, yenye mashaka, ya mtu aliye karibu kabisa na mlango. Alisema maneno yetu, yale tuliyokuwa tunayajibu tukiwa watoto. Nilitazama juu. Taa ya namba ilionyesha lifti iko ghorofa ya juu kabisa. Nyuma ya mlango ule palikuwa na shimo, na shimo nalijua kuliko ninavyojua jikoni kwangu. Hakuna pa kusimama.

Kamanda akacheka. Alidhani ni mimi. Na kwa mazoea ya miaka yote ile, mdomo wake ukamalizia maneno ya tatu.

Namba zikaanza kushuka. Mlango ukafunguka. Hamkuwa na mtu.

Tuliingia, kwani tungefanya nini? Nikabonyeza ghorofa yetu. Kengele ikalia. Hiyo ni kengele ya mzigo. Chini ya sakafu ya lifti kuna kipimo cha uzito, na watu wakizidi inalia na mlango haufungi mpaka apungue mtu. Lifti ile inabeba watu kama ishirini hivi. Tulikuwa wawili, na mmoja wetu mzee mkavu.

Nikatoka. Ikaendelea kulia. Nikamvuta Kamanda mkono akatoka. Ikaendelea. Lifti tupu, mlango wazi, taa zote zinawaka, inalalamika kwamba imejaa. Nikainama, maana ndiyo kazi yangu. Sakafu yake ilikuwa imelala chini ya sakafu ya ukumbi kwa unene wa kidole. Imelemewa.

Halafu sakafu ikaanza kupanda. Taratibu. Kidogo, ikatulia. Kidogo tena, ikatulia. Nimeiona hali hiyo kila siku ya kazi. Ni watu wanashuka, mmoja baada ya mwingine.

Kengele ikanyamaza. Ukumbi wote ulinuka nafaka kavu iliyokaa gizani. Kamanda alikuwa ameshika shingo yake.

"Kuna mtu amenipita," akanong'ona. "Amenigusa, akapita."

Akapanda chumbani kwa ngazi, ameshikilia reli kwa mikono yote miwili. Mimi mama wa usafi alinishika kiwiko, akaniingiza kwenye chumba cha mashuka, akafunga mlango. Alizungumza lugha yetu vizuri. Alikulia kambi ya wakimbizi upande wetu.

"Yule mzee ni nani wako?"

"Mjomba."

"Ndugu yake mama yako? Tumbo moja?"

"Ndiyo."

"Mama yako yu hai?"

"Yupo. Kwani vipi, mama?"

Akafumba macho kidogo. Kisha akaniambia. Kijiji kizima kilikuwa kimejificha kwenye ghala la nafaka, mlango wa chuma, wamejifungia kwa ndani. Askari walishindwa kuuvunja. Akaja kijana mmoja mwenye sauti nzuri, akagonga.

"Yale maneno ya kwanza maana yake ni: njooni, hakuna atakayewagusa."

Nikamwambia aendelee.

"Bibi yangu ndiye aliyekuwa mlangoni. Hakumwamini. Akamuuliza: unaapa kwa nyumba ya mama yako?" Alikunja shuka iliyokwisha kukunjwa. "Naye akasema: naapa kwa nyumba ya mama yangu. Bibi akafungua. Mimi nilikuwa mtoto, nilikuwa chini ya magunia, mguu umenasa. Nikabaki. Nikawa nasikia tu."

"Hakujua maana, mama. Naapa hakujua, alikariri tu."

"Usiape," akasema haraka. "Mbele yangu usiape."

Akaiweka shuka juu ya nyingine.

"Wewe sikuombei mabaya," akaendelea, na alisema bila kupandisha sauti. "Yeye namwombea. Jengo hili lilipoisha nilikuja kuomba kazi hapa, wanangu wakanigombeza, wanasema mama una pensheni, una nini. Sikutaka mshahara wao. Sura yake siijui. Nilikuwa naingoja sauti. Askari wa vita wanarudi, wanapenda kuona pamekuwaje, wanapiga picha. Nikasema na yeye atarudi, akifika pale atagonga tu. Hatajizuia. Na leo amegonga. Ameapa tena."

"Sasa watamfanya nini?"

"Yeye?" Alinitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonitisha. "Hakuapa kwa kichwa chake."

Nilimkuta Kamanda amekaa kitandani, mapazia ameyavuta. Sikubisha hodi. Nikamwambia maana ya maneno, moja moja, nikimtazama usoni.

"Sikujua maana," akasema.

"Na walipotoka? Uliona kilichofuata, hukuona?"

"Vita ni vita, mwanangu. Nilifundishwa maneno, nikayasema."

"Ukaja ukatufundisha na sisi. Ukatufyatulia risasi za kidole uani. Watoto wa dada yako!"

Akaangalia viatu vyake.

"Nilitaka yawe maneno ya kuchekesha," akasema. "Nilidhani yakichekwa sana yatanitoka."

Nilimchukia. Sina neno jingine. Mtu niliyempenda kuliko baba, nilimchukia hapohapo, na mkono wangu ulikuwa ukimfungia mabegi.

Tulirudi nyumbani mapema. Teksi iliyotupokea ilikuwa mpya, tulikuwa wawili na mabegi mawili, lakini kila tuta lilikwangua tumbo la gari. Dereva alishuka akainama kutazama magurudumu ya nyuma, akarudi anatikisa kichwa.

"Mzee, mmebeba nini humu? Mawe?"

Kamanda alikuwa amejibana mlangoni, mabega juu, kana kwamba kiti cha nyuma kimejaa. Mimi nilikaa mbele. Sikugeuka mpaka tukafika.

Mama sikumwambia kitu. Ana presha, na ni kaka yake. Nikajiambia nitamwambia baadaye. Kamanda akahama chumba cha uani, akaomba chumba cha ndani, akasema uani kuna baridi. Ulikuwa msimu wa joto kali. Mama akamcheka.

"Wameniletea kaka mwingine. Wa kwangu alikuwa analala kifua wazi."

Hakutoka tena. Alikula chumbani, funguo amezungusha. Mimi nikaomba likizo nikakaa pale nyumbani. Namlinda nani, yeye au mama? Nilijua jibu.

Ilikuwa adhuhuri. Jua kali, redio ya jirani inaimba, mama anachambua mchele sebuleni, ungo mapajani. Mlango wa uani tulikuwa tumeurudishia na komeo kwa sababu ya vumbi.

Ukagongwa. Kwa vidole vilivyokunjwa.

Kisha yale maneno. Sauti ya Kamanda. Si ya sasa iliyokwaruza. Ya ujana wake, tamu, ya kubembeleza.

Mama akacheka. "Mtazame huyu! Ametokea dirishani?" Na kabla sijamfikia, akajibu. Alijibu kwa furaha, kama zamani. Aliuliza lile swali.

Nje, ile sauti ikaapa.

Mama akaweka ungo chini. Akaenda mlangoni. Mkono ukashika komeo. Nikamrukia, nikamkumbatia kwa nyuma.

"Mama, usifungue."

"We mtoto una wazimu? Ni mjomba wako."

Nyuma yetu funguo ikazunguka. Kamanda akatoka chumba cha ndani, miguu peku, fulana imemlowa. Mama akamtazama. Akatazama mlango. Uso wake ukaishiwa damu.

"Sasa nani..."

"Rudi nyuma, dada," Kamanda akanong'ona. "Ni mimi wanayenitaka."

Alimsogeza kwa upole. Akavuta komeo. Mwanga ukaingia wote kwa mpigo. Uani hapakuwa na mtu. Kamba ya nguo, ndoo, mti wa limau. Kamanda akainua mikono juu ya kichwa, akatoka. Alitembea kwa hatua fupi, akiyumba huku na huku, kwa namna mtu anavyosukumwa katikati ya kundi. Hakufika langoni. Alipiga magoti chini ya kamba ya nguo, akageuka kumtazama dada yake, akafungua mdomo kusema kitu. Akalala.

Daktari alisema moyo. Mzee, presha, joto, nani angebisha?

Siku ya maziko walikuja vijana wa mtaa kubeba jeneza. Wakainama, wakashika, halikuinuka. Wakacheka kwa aibu, wakaongezeka wengine. Halikuinuka. Mwishowe lilibebwa na wanaume waliojazana mpaka hawaonani miguu, wakilishusha kila hatua chache kupumzika, na Kamanda alikuwa mtu ambaye mama angeweza kumgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Watu walitazama chini tu.

Nami nililia, kwa sababu chuki haikuwa imenitoka na upendo nao haukuwa umenitoka. Lakini nikashusha pumzi. Nikasema ametoka mwenyewe kwa miguu yake, amelipa, yamekwisha. Nililishika hilo kwa nguvu. Yule mama wa usafi alikuwa ameniambia waziwazi kwamba hakuapa kwa kichwa chake, aliapa kwa nyumba ya mama yake, ambayo ni ya mama yangu pia, na mimi nikajifanya nimesahau.

Wiki iliyopita nilimpeleka mama hospitali kliniki ya presha. Kliniki iko ghorofa ya juu, na lifti ya hospitali ile nimeifunga mimi kwa mikono yangu. Asubuhi njema, watu wengi kwenye mabenchi, manesi wanapita na trei. Nikabonyeza kitufe. Mama amenishika mkono, anasimulia habari za jirani na kuku wake.

Mlango ukafunguka. Lifti ilikuwa tupu. Kengele ya mzigo ilikuwa inalia.

Sakafu yake ilikuwa imelala. Kidole kizima. Niliona kabla sijapumua, na pua yangu ikapata ile harufu ya nafaka.

Mama alikatisha habari ya kuku. Akatazama mle ndani, akatabasamu. Akavuta kanga yake mabegani akajipunguza, jinsi unavyofanya unapotaka kujipenyeza penye watu.

"Kumbe yuko hapa," akasema. "Mtazame alivyokonda. Wamemsimamisha mlangoni."

"Mama, nani?"

"Mjomba wako. Anatuita." Akainua kichwa asikilize vizuri. "Anasema njooni, hakuna atakayewagusa."

Maana ya maneno yale sikuwahi kumwambia mama. Hajawahi kuambiwa na mtu.

Nilimbeba karibu mzima mzima mpaka kwenye ngazi. Ana magoti mabovu, kila kipandio analalamika, na mimi namvuta tu, namwambia tumekaribia. Na kila ghorofa tuliyofika, lifti ilikuwa imetutangulia. Mlango wazi, hamna mtu, kengele inalia, na mama ananiuliza kwa nini namtesa hivi na ngazi wakati kaka yake ametushikia mlango.